Zabuni ya wazi, proforma tatu, mkataba wa mwaka ao gre-a-gre: kampuni ya serikali inunue kwa njia gani?

Maombi manne yamefika mezani siku moja: pampu mbili za maji, jozi 400 za viatu vya kazi, mazuti (dizeli) ya mwaka mzima, na kifaa cha mashine ambacho mtengenezaji wake ni mmoja tu. Afisa wa ununuzi akiyapitisha yote katika njia moja, atajikuta na shida tatu kwa pamoja: kitu kilichochelewa, kitu kilichonunuliwa ghali, na malalamiko ya wauzaji ambayo hana karatasi ya kuyajibu.

Hapa tunalinganisha njia nne zinazotumika zaidi, tukiwafikiria watu wa kampuni za serikali za Lubumbashi, mji wa Kongo (DRC) wenye makao makuu ya Gécamines (madini) na ya SNCC (reli), na ambamo SNEL (umeme) na REGIDESO (maji) pia zina kazi nyingi. Muuzaji anayetaka kuelewa kwa nini ameitwa kwa njia hii wala si ile, naye asome.

Msingi ni sheria nambari 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010 juu ya ununuzi wa umma. Inasimama juu ya mambo matatu: kila mwenye sifa awe na njia ya kuingia, wote watendewe sawa, na mambo yafanyike mbele ya macho ya watu. Zabuni ndiyo kanuni. Gre-a-gre, yaani kupatana moja kwa moja na muuzaji mmoja bila ushindani, ni ruhusa ya pekee. ARMP ndiyo inayosimamia mfumo mzima na kupokea malalamiko, DGCMP inakagua taratibu, na ndani ya kila mnunuzi kuna kitengo kinachoshughulikia manunuzi, kile ambacho wengi wanakijua kwa herufi zake, CGPMP. Kampuni zilizogeuzwa kuwa kampuni za biashara baada ya sheria ya 2008 zina pia kitabu chao cha taratibu na baraza la utawala. Soma kitabu chenu kwanza, hasa viwango vya pesa vinavyotenganisha njia moja na nyingine. Yanayofuata yanakusaidia kuamua pale ambapo kitabu kinakuachia nafasi.

## Vigezo vya kupimia

Muda. Uhesabu kutoka siku haja ilipojulikana hadi siku kitu kinapofanya kazi, si hadi siku ya kusaini. Bidhaa nyingi za Lubumbashi zinashuka Durban ao Dar es Salaam, zinakatiza Zambia na kuingilia Kasumbalesa, kilomita karibu 90 kutoka mjini. Foleni ya makamyo peke yake inaweza kula siku nyingi. Kama kitu kitatembea miezi miwili barabarani, kuruka ushindani ili kuokoa wiki mbili hakuna faida kubwa.

Nafasi ya wauzaji. Nani anaweza kushindana kweli? Kuomba RCCM (usajili wa biashara), Id. Nat. (nambari ya taifa ya kampuni), nambari ya kodi, uthibitisho wa kodi na karatasi ya CNSS (hifadhi ya jamii) ni haki. Lakini kumwomba mshonaji wa mtaa wa Katuba hesabu za miaka mitatu zilizokaguliwa na dhamana kubwa ya banki ili ashone makoti ya kazi, huko ni kumfungia mlango huku unasema mlango uko wazi.

Gharama yote. Bei ya kununua ni sehemu ya kwanza tu. Chukua mota ya pampu ya kilowati 30 inayozunguka saa 6,000 kwa mwaka. Mota ya daraja la ufanisi la IE3 yenye poli 4 ina ufanisi wa asilimia 93.6, nyingine ya bei nafuu ina asilimia 90. Ya kwanza inavuta kilowati 32.05 kutoka kwenye waya, ya pili 33.33. Tofauti ni karibu kWh 7,700 kila mwaka. Tukiweka kWh moja kwa dola 0.10 kama mfano, ni dola 770. Hata kama mota nzuri imezidi nyingine kwa dola 600, imerudisha pesa hiyo kabla ya miezi kumi, na bado itafanya kazi miaka mingi. Anayelinganisha bei ya mwisho wa proforma (karatasi ya bei ya muuzaji) peke yake amechagua hasara na kuisaini.

Hesabu hiyohiyo inafaa viatu. Jozi ya dola 28 inayokufa kwa miezi sita ni dola 4.67 kwa mwezi. Jozi ya dola 45 inayofika miezi kumi na minne ni dola 3.21. Kwa wafanyakazi 400, mwaka mmoja unatofautisha dola 22,400 na dola 15,400 na kitu.

Ushahidi unaobaki. Mkaguzi akifika baada ya miaka miwili, je, karatasi zitamweleza peke yake kwa nini huyu alichaguliwa? Kama jibu liko kichwani mwa mtu, si ushahidi.

Watu na mazingira. Kitu kimetoka wapi, nani alikitengeneza, na kitaenda wapi kikiisha? Tofali za kuchoma za hapa kwetu zinakula kuni za miombo. Tofali za udongo zilizoshindiliwa kwa mashine na kuchanganywa na saruji ya asilimia 5 hadi 10 hazihitaji moto, ila zinataka kutunzwa na unyevu kwa siku 28 kabla ya kubeba mzigo wote. Kokoto zinazopondwa kwa mkono mara nyingine zimepondwa na watoto. Mti wa mukula uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaobana biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2019, kwa hiyo mbao zake bila karatasi ni taabu kwa mnunuzi pia. Betri za risasi na oili chafu lazima ziwe na mahali pa kurudi. Mambo haya yakiandikwa katika masharti tangu mwanzo, yanawabana wauzaji wote sawasawa. Yakiongezwa baada ya bahasha kufunguliwa, yanakuwa upendeleo.

## Zabuni ya wazi

*Muda.* Ni njia ndefu. Kuandaa masharti wiki mbili ao tatu, kuacha wauzaji waandike (wape siku 30 hata kwa kitu cha kawaida), kufungua na kupima wiki mbili ao tatu, kisha ukaguzi, vibali, taarifa kwa walioshindwa, na kusaini. Ukifanya vizuri, hesabu miezi mitatu hadi mitano. Inayochelewesha kazi kwa kawaida ni masharti yaliyoandikwa vibaya: maswali yanafika mengi, tarehe inasogezwa, na mwisho zabuni inafutwa na kuanzwa upya. Wiki moja zaidi ya kuandika inaokoa miezi.

*Nafasi ya wauzaji.* Kwa jina ni kubwa kuliko zote. Kwa kweli inategemea mambo mawili. La kwanza ni maelezo ya kitu. Usinakili karatasi ya chapa moja. Andika kazi inayotakiwa: pampu itoe mita za ujazo 60 kwa saa, iinue maji mita 45, ifanye kazi kwenye volti 380 za fazi tatu na 50 Hz, ufanisi usiwe chini ya kiwango fulani. Kama huna namna ila kutaja chapa, ongeza "ao inayolingana nayo" na ueleze kinachopimwa ili kujua kama inalingana.

La pili ni mafungu. Makoti 2,000 katika fungu moja ni ya kampuni moja kubwa, pengine ile inayoagiza nje. Makoti hayohayo katika mafungu matano ya 400 yanawapa nafasi warsha za mitaa ya Kenya, Katuba na Ruashi hapa mjini. Kumbuka tu kwamba mafungu ndani ya zabuni moja ni tofauti kabisa na kukata haja moja vipandevipande ili kila kipande kishuke chini ya kiwango cha pesa na kukwepa zabuni. Kwenye mafungu, tangazo ni moja, siku ya kufungua ni moja, na njia inafuata jumla ya thamani yote. Kukata vipande ni kosa, na ndilo kosa ambalo mkaguzi analiona kwanza: bon (karatasi za kuagiza) tano za kitu kimoja, mwezi mmoja, kila moja chini kidogo ya kiwango.

*Gharama yote.* Hapa ndipo unaweza kuidai vizuri, kwa sababu una muda wa kuandika fomula katika masharti. Kwa bidhaa tunapendelea mtihani wa kupita ao kushindwa kwenye ufundi, halafu gharama yote iliyo ndogo ndiyo inashinda. Pointi za ubora zinafaa zaidi kwa huduma kama ulinzi, usafi ao michoro ya injinia. Kwa pampu na viatu zinafungua mlango wa watu kupanga matokeo. Bei zote ziletwe kwenye msingi mmoja kabla ya kulinganisha: na TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 ao bila TVA, franka ao dola kwa kiwango cha tarehe iliyotajwa katika masharti, na mahali pamoja pa kukabidhi. Bei ya CIF Dar es Salaam (kitu, bima na usafiri hadi bandarini) na bei ya DDP Lubumbashi (kimefika kwako, ushuru umelipwa) hazisimami kwenye mstari mmoja; kati yake kuna barabara, ushuru wa DGDA (forodha), ukaguzi wa OCC (ofisi ya kukagua bidhaa) na hatari yote ya njiani.

Bei iliyo chini mno kuliko zote isikubaliwe haraka wala kutupwa haraka. Mwandikie muuzaji, akueleze kwa maandishi ameifikiaje: gharama ya kitu, usafiri, kodi, mishahara. Jibu zuri unalibakisha kwenye faili. Jibu bovu, ao kimya, ndilo linalokupa sababu ya kukataa.

*Ushahidi.* Ni mwingi, mradi bahasha zifunguliwe mbele ya wauzaji wanaotaka kuja, bei zisomwe kwa sauti na kila karatasi itiwe saini kifupi na wajumbe wa kamati inayofungua. Maswali ya muuzaji mmoja yajibiwe kwa wote, bila kutaja nani aliuliza. Walioshindwa waambiwe sababu kwa barua kabla ya mkataba kusainiwa, ili mwenye lalamiko apate wakati wa kulipeleka.

*Watu na mazingira.* Nguvu yake ni kubwa, ikiwa utaomba vitu vinavyoweza kuthibitishwa. "Bidhaa iwe rafiki wa mazingira" haina maana yoyote siku ya kupima. "Muuzaji atarudisha betri zilizokufa kwa gharama yake na kuleta hati ya mahali zilipopelekwa" ina maana.

*Inawafaa:* wenye haja kubwa inayojulikana mapema, na soko lenye wauzaji wengi. Haimfai aliyekumbuka mwezi wa kumi kwamba bajeti ya mwaka bado ipo.

## Proforma tatu

*Muda.* Wiki moja hadi tatu. Ni njia ya manunuzi madogo, chini ya kiwango ambacho kitabu cha taratibu kimeweka.

*Nafasi ya wauzaji.* Hapa mnunuzi mwenyewe ndiye anachagua nani anaitwa, na ndiyo maana njia hii inayoonekana ndogo ndiyo inayoharibika zaidi. Tunaikaza hapa kwa makusudi. Proforma tatu zilizoletwa na mtu mmoja si ushindani. Dalili zake zinaonekana: nambari moja ya simu chini ya kampuni mbili, kosa lilelile la maandishi kwenye karatasi zote tatu, bei zinazopishana kwa asilimia ileile kwenye kila mstari, mihuri inayofanana, tarehe moja. Ukiona mawili ya hayo, anza upya.

Dawa yake ni kazi ya kawaida. Kampuni iwe na orodha ya wauzaji iliyo wazi, ambayo yeyote mwenye karatasi kamili anaweza kuingia wakati wowote wa mwaka. Ita watano ili upate watatu. Kila mara, angalau wawili kati yao wawe wale ambao hawakuitwa mara iliyopita. Ombi liwe la maandishi, maneno yaleyale kwa wote, lenye saa na tarehe ya mwisho. Majibu yaende kwenye sanduku lililofungwa ao kwenye anwani moja ya barua pepe ambayo watu wawili wanaifungua pamoja, si kwenye WhatsApp ya afisa. Na yule anayepokea bidhaa depo asiwe ndiye aliyeomba proforma. Kwa muuzaji mpya, tuma mtu akaone duka ao warsha kabla ya kumpa bon: kampuni nyingi za mkoba hazina hata meza.

*Gharama yote.* Mara nyingi inasahauliwa kwa sababu ya haraka. Inatosha kuweka mistari mitatu kwenye ombi: muda wa garantii, bei ya piese (vipuri) zinazochakaa, na kama zinapatikana Lubumbashi ao lazima ziagizwe. Jenereta ya bei rahisi ambayo filta yake inatoka mbali kwa wiki sita ni jenereta iliyozimika.

*Ushahidi.* Ukurasa mmoja wa kulinganisha, wenye saini tatu, pamoja na ombi na majibu yote, hata ya waliokataa ao waliochelewa.

*Watu na mazingira.* Una nafasi nzuri ya kununua karibu: fundi wa hapa, mbao zenye kibali cha kukata, tofali za kushindilia. Lakini usalama haupungui kwa sababu bei ni ndogo. Viatu vya kazi viwe na alama ya ISO 20345, kiwango cha kimataifa cha viatu vya usalama, na mpokeaji akate jozi moja katikati aone kama chuma cha kidoleni kipo kweli.

*Inawafaa:* haja ndogo isiyojirudia. Kitu unachokiombea proforma kila mwezi kimeshakuambia kwamba kinataka njia inayofuata.

## Mkataba wa mwaka wa kuagiza kidogo kidogo

Unafanya zabuni mara moja, unaweka bei ya kipimo, halafu unaagiza kwa bon kadiri ya haja. Katika mazingira ya Lubumbashi ndiyo njia ambayo haitumiwi vya kutosha.

*Muda.* Mrefu mwanzoni, sawa na zabuni, kisha mfupi sana: kila agizo ni siku chache. Mazuti, karatasi, matairi, saruji, vifaa vya usafi, makoti, ukarabati wa magari vinaingia vizuri humu.

*Nafasi ya wauzaji.* Hatari ni kumfungia soko mtu mmoja kwa miaka. Weka mwaka mmoja, na ukirefusha usivuke miaka mitatu. Chagua wawili ao watatu, na useme tangu mwanzo kazi itagawanywaje, kwa mfano asilimia 60 kwa wa kwanza na 40 kwa wa pili. Wa pili anakuokoa siku kamyo ya wa kwanza imekwama Kasumbalesa.

*Gharama yote.* Ugumu uko kwenye bei inayobadilika. Kwa mazuti msingi upo tayari: Wizara ya Uchumi inapanga bei kwa zone, na Lubumbashi iko katika zone ya Kusini. Funga mkataba kwenye bei hiyo, ukipatana punguzo lisilobadilika kwa kila lita. Kwa vitu vinavyotoka nje, andika fomula ya kubadilisha bei na tarehe zake, kwa mfano kila miezi mitatu, pamoja na karatasi itakayothibitisha. Bila fomula, muuzaji ataweka hofu yake yote ndani ya bei ya kwanza, ao ataacha kuleta dola ikipanda.

Kwenye mazuti kuna hasara nyingine isiyoonekana. Yanapanuka kwa karibu asilimia 0.083 kwa kila digrii moja ya joto. Lita 15,000 zilizopimwa kwenye nyuzi 30 zikipoa hadi 20 zimepungua kwa lita 125 hivi, na hakuna aliyeiba. Kwa hiyo mkataba useme lita zinahesabiwa kwenye nyuzi 15, na mpokeaji awe na kipimajoto na jedwali. Kila kamyo ipimwe kwa fimbo kabla na baada, chini ya tangi itafutwe maji kwa dawa inayobadilika rangi, na lita moja ya sampuli ifungwe kwa saini za pande mbili na kuwekwa hadi fakture (ankara) ilipwe.

*Ushahidi.* Unakuwa mzuri kama kuna daftari moja la maagizo: tarehe ya bon, kiasi, tarehe ya kufika, kilichokataliwa, kilicholipwa. Mwisho wa mwaka daftari hilo ndilo linaandika zabuni inayofuata, kwa sababu sasa unajua mnatumia kiasi gani kweli. Mikataba mingi inakufa kwa sababu makadirio yalikuwa ya kutunga. Muuzaji aliyeambiwa tani 200 akaagizwa 30 tu amepoteza, na mwaka ujao hatarudi ao atarudi na bei ya kisasi. Sehemu nyingine inayoharibika ni wakuu wa warsha wanaoendelea kununua pembeni kwa rafiki. Uongozi ukikubali kulipa fakture hizo, mkataba umekwisha.

*Watu na mazingira.* Hakuna njia inayozidi hii, kwa sababu uhusiano unadumu. Unaweza kudai mapipa ya oili chafu yarudi kila mwezi, kutembelea machimbo ya kokoto bila kutoa taarifa, kumsaidia mshonaji afikie kiwango katika miezi sita ya kwanza.

*Inawafaa:* haja inayojirudia na ambayo kiasi chake kinakadirika. Mwenye kuhitaji kitu mara moja kwa miaka mitano asijisumbue.

## Gre-a-gre

Wengine wanaiona kama wizi, wengine kama njia ya mkato. Ni chombo halali chenye kazi yake: kitu cha mwenye hati miliki ao mtengenezaji mmoja, hatari ya ghafla isiyotokana na uzembe wa mnunuzi, na hali nyingine ambazo sheria imezitaja. Kibali cha DGCMP kinaombwa kabla ya kupatana bei. Kuomba baada ya kitu kufika ni kuomba msamaha.

*Muda.* Inadhaniwa kuwa ya haraka. Bila faili zuri la sababu, kibali kinaweza kuchukua muda mrefu kuliko zabuni fupi ingechukua.

*Nafasi ya wauzaji.* Hakuna, ila mmoja. Hivyo swali la haki linageuka: je, wengine wangekuwepo kama tungeandika haja kwa namna nyingine? Kifaa cha injini ya zamani ni kweli kinatoka kwa mtengenezaji mmoja. Bolti, filta na beringi za injini hiyohiyo zina saizi za kawaida na zinauzwa na wengi. Ziondoe kwenye mapatano na uzitafute kwa proforma.

*Gharama yote.* Huna bei ya jirani ya kukusaidia, kwa hiyo dai mchanganuo: bei ya kiwandani, usafiri, kodi, faida. Omba fakture za bidhaa hiyohiyo ambazo muuzaji aliwapa wanunuzi wengine, na angalia mlinunua kwa kiasi gani mara ya mwisho.

*Ushahidi.* Barua ya fundi inayoeleza kwa nini hakuna mbadala, kibali, mchanganuo, na muhtasari wa kikao cha kupatana wenye majina ya waliokaa.

*Watu na mazingira.* Haraka ndiyo inaleta vitu vibovu. Transfoma imeungua, mtaa hauna umeme, mtu anajitokeza na transfoma iliyotumika. Kabla ya kutoa dola moja, oili yake ipimwe kama ina PCB, kemikali ya sumu iliyotumiwa katika oili za transfoma za zamani. Mkataba wa Stockholm uliwapa wanachama mwisho wa 2025 kuviondoa kazini vifaa vyenye sumu hiyo, na anayenunua kimoja leo amenunua taka ambayo kuiharibu kutamgharimu kuliko bei. Katika dharura nunua ao kodi kile tu kinachozima dharura; kilichobaki kiende kwenye zabuni.

*Inawafaa:* mwenye sababu anayoweza kuisoma mbele ya mkaguzi bila kusitasita.

## Malipo, kwa njia zote nne

Kuna jambo linalovuka njia zote. Muuzaji anayekopa kwa asilimia 2 kwa mwezi na kulipwa baada ya miezi mitano ametumia asilimia 10 ya thamani kulipa riba. Ataiweka kwenye bei ijayo, ao ataacha kazi na kuwaachia uwanja wale wachache wenye uwezo wa kungoja, na mara nyingi kungoja kwao kunaendana na kujua mtu ndani. Kwa hiyo kampuni inayochelewa kulipa inajinyima ushindani wenyewe, hata zabuni zake ziwe safi namna gani.

Hatua za kufanya ni chache. Usitoe bon bila mhasibu kuthibitisha kwamba pesa imewekwa pembeni. Andika siku za malipo katika mkataba, 30 ao 45, kuanzia fakture ilipopokelewa pamoja na hati ya kupokelewa kwa bidhaa. Fakture iingie kwenye daftari la tarehe na ilipwe kwa mpangilio huo, si kwa mpangilio wa anayepiga simu sana. Kwa warsha ndogo toa avansi (malipo ya mwanzo) ya asilimia 20 ao 30 juu ya dhamana ambayo inaweza kupatikana hapa mjini, ao lipa kwa kila kundi la bidhaa lililofika. Na faini ya kuchelewa ikiwepo kwa muuzaji, iwepo pia riba ya kuchelewa kwa mnunuzi.

## Kwa hali yako

Pampu mbili za mwanzo, thamani kubwa na miezi sita mbele: zabuni ya wazi yenye fomula ya umeme ndani yake. Pampu hizohizo lakini za zamani zimekufa na watu hawana maji: kodi pampu ya muda kwa njia ambayo kitabu cha taratibu kinaruhusu, na zabuni ianze wiki hiyohiyo.

Jozi 400 za viatu mnazonunua kila mwaka: mkataba wa mwaka mmoja unaoweza kurefushwa hadi miaka miwili, wauzaji wawili, jozi moja kati ya kila 50 ikatwe na kukaguliwa. Jozi 12 za wageni wa mgodi: proforma.

Mazuti: mkataba wa mwaka, bei ikifungwa kwenye ile ya zone. Kama matumizi yenu hayakuwahi kuandikwa, anza na mkataba wa miezi sita, mpime, kisha mtangaze wa mwaka.

Makoti, meza za shule ya kampuni, ukuta wa lupango (kiwanja): zabuni yenye mafungu madogo, masharti mepesi ya dhamana, malipo kwa kila kundi. Hapa pesa ya kampuni ya serikali inaweza kubaki mjini bila kumpendelea mtu yeyote.

Kifaa cha mtengenezaji mmoja: gre-a-gre yenye kibali, na wakati huohuo omba bei ya vifaa vya miaka miwili ijayo, kwa sababu baada ya bon ya kwanza nguvu yako ya kupatana inashuka.

Soko usilolijua kabisa, kwa mfano paneli za jua na betri za lithiamu kwa ofisi: usianze na njia yoyote kati ya nne. Tangaza kwanza kwamba unataka kusikiliza kampuni zinazoziuza, zipokee zote kwa siku moja na maswali yaleyale, andika muhtasari utakaogawiwa kwa wote, halafu ndipo uandike masharti.

Na kama mkubwa wa kazi amekuambia jina la muuzaji kabla haja haijaandikwa, mwombe aweke ombi hilo kwenye karatasi na saini yake, kisha endelea na njia ambayo thamani na aina ya kitu vinaitaka.